Babu na ndege ya mabawa mawili ya kushoto

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimya kimya bila hata kulaiki. Wiki iliyopita niliahidi tutaongea kikohozi cha watoto cha usiku. Kitakuja, msinipige mawe. Leo nina jambo la nyumbani kwangu, na kabla hujauliza nesi na ndege wapi na wapi, vumilia kidogo. Humu ndani kuna presha, kuna supaglu kwenye vidole vya mtoto, na kuna ujinga wangu mwenyewe.

Tunaishi Morogoro pamoja na wazazi wa mume wangu. Babu, yaani baba mkwe wangu (namwita Babu kwa sababu ya watoto), ni fundi ndege mstaafu. Alikuwa Nairobi na East African Airways, lile shirika la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja lililokufa mwaka 1977. Ukimkuta ana chai nzuri mezani atakuambia habari za Super VC10, injini nne na zote ziko mkiani, mpaka chai ipoe. Yaani alikuwa akikuambia. Mwaka juzi alipata kiharusi.

Upande wa kulia ulilegea na maneno yakapotea. Naomba hapa mnielewe vizuri: akili haikupotea. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi kinachukua mkono wa kulia na maneno kwa pamoja. Mtu anajua kabisa anachotaka kusema, neno ndio haliji, au linakuja la jirani yake. Anataka kijiko anasema mlango. Halafu watu wanamwongelesha kama mtoto mchanga, kwa sauti kubwa, utadhani kilichoharibika ni masikio.

Sasa nisemalo ni hili, na sijawahi kuliandika. Wiki ile alipolazwa, nilirudi nyumbani kumchukulia nguo, nikafungua droo yake nikakuta kopo la vidonge vya presha limejaa karibu lote. Alikuwa ameacha. Kwa nini ameze, alikuwa anajisikia vizuri. Mimi ndiye nesi wa nyumba hii. Kila asubuhi nawaambia wagonjwa presha haina maumivu, usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri, na chumba cha tatu kutoka changu kopo linajaa na sijalitikisa hata siku moja.

Basi aliporuhusiwa, nikajipa adhabu. Nilimwogesha mimi, nilimlisha mimi, nilimfunga vifungo vya shati mimi. Natoka zamu ya usiku macho mekundu, naingia kwake. Mtaalamu wa mazoezi aliniambia mara mbili, tena kwa upole, sista muache afanye mwenyewe, hata akichelewa, ule mkono unajifunza kwa kutumiwa. Nikasema ndiyo, ndiyo. Nikarudi nyumbani nikamfunga vifungo.

Mpira wa kufinya aliopewa aliutupa chini ya kitanda. Na ni kule chini ya kitanda Bibi alikoingia kuusaka na fagio, akatoka na boksi.

Boksi refu, jembamba, limefungwa kamba ya katani. Babu alipoliona alinyoosha mkono wa kushoto na kutoa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa miezi mingi. Ndani kulikuwa na ndege ambayo haijatengenezwa. Mbao nyembamba za balsa, nyepesi mpaka unahisi umeshika hewa, vijiti, waya wa miguu, na ramani kubwa iliyokunjwa. Junior 60 ya kampuni ya Kiingereza ya Keil Kraft. Mume wangu anaikumbuka tangu utotoni kama kitu cha kutokuguswa. Babu alipelekwa Uingereza kwa kozi enzi za ujana, akainunua kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vyake vya zamani, akaibeba mpaka Nairobi, na toka Nairobi mpaka hapa. Aliahidi kuitengeneza akipata nafasi. Mnajua nafasi ilivyo.

Nikaingia kusoma, maana mimi kitu nisichokijua kinaninyima usingizi. Junior 60 ilitoka mwaka 1946. Sitini ni upana wa mabawa kwa inchi, kama mita moja na nusu hivi, yaani anamzidi kijana wangu wa miaka tisa urefu. Ilipotoka haikuwa na rimoti. Unawasha injini, unaiachia, injini inakata, ndege inashuka yenyewe kwa kuelea, na wewe kazi yako ni kukimbia nyuma yake mashambani. Ndiyo maana ikaumbwa ijisawazishe: mabawa yake yameinuka kuelekea nchani kama herufi V iliyolala wazi, ikiinama upande mmoja inajirudisha. Baadaye redio zilipokuwa ndogo na nyepesi watu wakazitia humo ndani, na mpaka leo wapo wazee Uingereza wanaoirusha hivyo. Usukani wa mkiani, kipande cha kupandisha na kushusha pua, na nguvu ya mota. Basi.

Mume wangu akasema tuiuze. Kijana wangu akasema tuitengeneze. Babu hakusema kitu, alikuwa ameshaikunjua ramani mezani kwa mkono mmoja, na mkono wa kulia, ule wa kulegea, alikuwa ameuweka juu ya karatasi kama jiwe la kuzuia upepo. Nikauona ule mkono. Ndio kazi ya kwanza ulifanya bila kulazimishwa.

Nawaambia ilivyo kazi yenyewe. Kwenye haya maboksi ya zamani vipande havijakatwa. Vimechorwa tu juu ya ubao, unakata mwenyewe kwa kisu chembamba cha wembe. Unalaza ramani juu ya ubao laini, juu yake karatasi ya nailoni gundi isishike, halafu unapanga vijiti juu ya mchoro na kuvizuia kwa pini mpaka gundi ikauke. Mbavu za bawa moja baada ya nyingine. Balsa ya miaka mingi imekuwa kavu, ukikohoa vibaya inapasuka.

Pini tulizihesabu kabla na baada, kama tunavyohesabu gozi chumba cha upasuaji, kwa sababu nina mdogo wa miaka miwili anayeweka kila kitu mdomoni. Siku moja ilipungua moja. Nyumba nzima tulipiga magoti na tochi. Ilikuwa kwenye kandambili ya Bibi.

Kisu alishika mume wangu. Msasa alishika kijana, nje barazani na barakoa usoni, maana vumbi la balsa ni jembamba na yeye ana kifua cha pumu. Na pini, pini alipewa Babu. Sikumpa mimi, alizivuta kibakuli mwenyewe. Kuokota pini moja kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia ilimchukua, siku ya kwanza, nilitazama saa, dakika nne. Ikaanguka. Akaanza tena. Mtu aliyekataa kufinya mpira mara kumi alikuwa anaokota pini mara thelathini na jasho linamtoka, na hakuna aliyemwambia ni zoezi.

Na mimi? Mimi nilikuwa naona jamani tutamaliza lini.

Hapo ndipo ujinga wangu unapoingia. Panya walikuwa wamekula kona ya ramani, na kona yenyewe ndiyo yenye bawa la kulia. La kushoto lilikuwa zima, na tulikuwa tumelimaliza kwa wiki tatu, kwa gundi nyeupe ya seremala, ile ya taratibu aliyoitaka Babu. Siku hiyo nimetoka zamu ya usiku, watoto shule, Babu amelala. Nikasema ngoja niwasaidie. Nikatandika ileile ramani ya bawa lililo zima, nikachukua mbavu zilizobaki, nikachukua supaglu ya dukani badala ya ile nyeupe, na kwa masaa matatu nikawa nimemaliza bawa zima. Nikaliweka mezani kwa maringo, kama mtu aliyepika pilau la watu hamsini peke yake.

Babu alipoamka akaliangalia. Akaliinua la kwanza, akaliweka pembeni ya la pili. Ncha zote mbili zilipinda kuelekea upande mmoja. Nilikuwa nimetengeneza mabawa mawili ya kushoto.

Nikasubiri akasirike. Alifungua mdomo, neno likagoma, akajaribu tena, halafu akaanza kucheka. Upande mmoja wa mdomo ndio unaocheka vizuri, ule mwingine unafuata nyuma. Alicheka mpaka Bibi akatoka jikoni na mwiko kuja kuangalia kama ni kiharusi kingine. Akaonyesha mabawa, akanionyesha mimi, akainua mikono yake miwili, wa kushoto juu kabisa na wa kulia mpaka usawa wa kifua, akasema, "Mawili. Ya kushoto." Maneno matatu yaliyonyooka. Nililia jikoni, nasingizia vitunguu.

Halafu akasema, "Mafuta."

Nikakimbia kuleta mafuta ya nazi ninayomchulia ule mkono jioni. Nikaushika mkono nianze. Akaunyang'anya. "Mafuta!" Nikaleta Vaselini. Akapiga meza. Bibi akasema labda ana njaa anataka chapati. Akachukua mwenyewe lile kopo la nazi, akamwaga kidogo juu ya ramani, juu ya bawa la kushoto lililochorwa vizuri, akaanza kupaka na kitambaa. Mimi napiga kelele unaiharibu Baba, unaiharibu! Karatasi ikaloa, ikawa inapitisha mwanga kama karatasi ya andazi. Akaigeuza upande wa nyuma. Na pale nyuma, likionekana vizuri kabisa kupitia karatasi, kulikuwa na bawa la kulia.

Mnaelewa? Mzee alikuwa na jibu muda wote. Nilikuwa nimemletea vitu vitatu vya kumhudumia kabla sijamwacha amalize sentensi moja.

Lile bawa langu halikuokoka. Gundi nyeupe ukiiloweka maji ya uvuguvugu inalainika na mbao unaziachanisha, lakini supaglu ikishaingia kwenye balsa imeoana nayo, ukibandua unavunja. Tukaagiza balsa nyingine kupitia kijana anayetengeneza droni za kupigia picha za harusi, na ikatuchukua wiki tano kuipata. Miti yenyewe kwa wingi inatoka Ecuador, sasa fikiria imetoka huko ije Morogoro kwa ajili ya haraka zangu.

Na supaglu haikuniachia hapo. Kijana wangu alilikuta lile kopo, akataka kubandika gari lake, akajibandika kidole gumba na cha kati. Nawaandikia hapa nilichofanya, kwa sababu najua ipo kwenye droo zenu. Usivute. Ukivuta unachuna ngozi. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, paka mafuta ya kula, halafu viringisha vidole taratibu kama unaviringisha penseli katikati yake. Inachukua muda, mpe katuni. Dawa ya kutolea rangi ya kucha inasaidia kwa vidole vya mtu mzima, lakini kamwe isikaribie macho wala mdomo. Ikiingia jichoni usilazimishe kope zifunguke, mwagilia maji mengi ya uvuguvugu na uende hospitali saa hiyohiyo. Na hili wengi hawalijui: usifute supaglu iliyomwagika kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Vikikutana vinatoa joto kali, kuna watoto wameungua kupitia nguo tu.

Kuna anayejiuliza, mbona tunasikia hospitali wanagundisha vidonda? Kweli. Mmarekani Harry Coover alikutana na gundi ya aina hii mwaka 1942 akiwa kwenye utafiti wa vifaa vya vita, ilinata kila mahali akaitupa kando, ikaja kuuzwa mwaka 1958, na vita vya Vietnam ilipulizwa kwenye majeraha kuzuia damu. Lakini ile ya kidonda imetengenezwa tofauti na ni safi kwa ajili ya mwili. Ya dukani ni ya kandambili. Kidonda cha mtoto mlete tuone.

Turudi kwenye ndege. Baada ya siku ile niliwekewa sharti na nafsi yangu: mezani kwa Babu naingia mikono ikiwa mfukoni. Mnacheka, lakini nilikuwa navaa lile koti langu la kazi lenye mifuko mikubwa makusudi. Bawa la kulia la kweli walilitengeneza wao wawili, Babu na mjukuu, juu ya ramani iliyonuka nazi. Pini akaanza kuzishika kwa dakika moja, halafu nusu. Kuna siku nilimkuta anafunga kifungo cha tatu cha shati na sikumsaidia cha nne. Uji ulipoa. Tukaupasha.

Kuivika ngozi tulitumia ile filamu nyembamba ya kubandika kwa pasi ya nguo, moto mdogo. Zamani walipaka dawa ya kukaza yenye harufu kali, na kwa pumu ya kijana sikuiruhusu. Bibi alipendekeza khanga, eti ingependeza. Babu akatikisa kichwa akasema, "Zito." Bibi akanuna siku mbili. Mota ya umeme, betri na rimoti alifunga kijana wa droni. Betri zenyewe ni za lithiamu, hizi haziachwi zikichaji usiku mmelala wala ndani ya chumba cha watoto, zikiharibika zinawaka moto. Tunachajia sakafuni barazani na mtu amekaa hapo. Habari ya vibali pia alituelekeza yeye, maana ndege ya rimoti sio kishada, Mamlaka ya Usafiri wa Anga wana taratibu zao, ulizeni kabla hamjanunulia watoto.

Jumamosi moja asubuhi tukaenda nje ya mji kwenye shamba lililokwishavunwa mahindi, kabla upepo wa Uluguru haujaamka. Kabla ya kuruka ndege inapimwa uzito wake umekaa wapi. Unaweka ncha ya kidole kimoja chini ya bawa la kushoto na ncha ya kingine chini ya bawa la kulia, pale paliposhonwa alama kwenye ramani, na kuinyanyua. Ikilala sawa, imekaa vizuri. Ikiinamisha mkia, usirushe, itapanda kama kichaa halafu ianguke.

Kijana wa droni akanyoosha mikono apime. Babu akamsogeza kwa bega.

Akaweka kidole cha kushoto. Akaleta mkono wa kulia, ukapanda polepole, ukapita alama, ukarudi. Kidole kikatetemeka chini ya bawa na ndege nzima ikawa inatetemeka nacho. Ikainama kulia. Mama zangu, kila msuli wa mwili wangu ulitaka kuruka. Nina miaka ya kutosha wodini, nimezoea kudaka watu kabla hawajaanguka. Nilishika kitambaa cha mifuko kwa ndani mpaka mshono mmoja ukaachia. Mume wangu aliniangalia, akaangalia pembeni. Babu akapumua, akarekebisha, akainyanyua. Ikakaa. Pua imeinama chini kidogo tu. "Betri," akasema, na kwa kidevu akaonyesha nyuma. Kijana wa droni akairudisha betri nyuma kidogo. Akapima tena, kwa vidole vilevile viwili.

Iliruka. Ningependa niwaambie iliruka nusu saa, lakini ilikuwa kama dakika tano. Ilikimbia kwenye njia ya vumbi, ikajiinua yenyewe kabla sijajua imejiinua, taratibu sana, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani. Jua linapita kwenye mabawa unaziona mbavu zote, hata ile moja niliyoikata mimi ikapinda. Kijana wangu alikimbia chini yake shamba zima akipiga kelele, na nikasahau kumwambia asikimbie ana pumu. Babu hakuangalia juu muda wote. Nilimwona anafumba macho anasikiliza mota.

Kutua ndiko kulikotushinda. Ilipiga tuta, mguu mmoja wa waya ukakunjika chini ya tumbo na rafadha, lile panga la mbele, ikavunjika ncha. Kijana akaja nayo amebeba kifuani, midomo inacheza anataka kulia. Babu akaketi kwenye kigoda chetu cha plastiki, akaipokea, akaigeuza, akaukagua waya kwa kidole gumba.

"Plaizi," akasema.

Nilikuwa karibu na boksi la vifaa, nikaitoa. Akanyoosha mkono kuipokea, na ule aliounyoosha ulikuwa wa kulia.

Haya, naingia zamu ya usiku, gari linanipigia honi hapo nje. Wenye maswali ya supaglu na ya presha andikeni hapo chini, nitajibu asubuhi nikitoka. Na yule mama aliyeniuliza kama lile bawa la pili la kushoto tulilitupa: hapana, limetundikwa ukutani juu ya televisheni, Babu amekataa kata kata lishushwe, na kila mgeni anayeingia lazima aelezwe ni la nani.